Finchi saba tundu moja, dume mmoja hana adabu. Nimtoe au nifanyeje?

Sindano Butu (Tabata)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu hapa Tabata Kimanga, na ndege hawa ndio redio yangu ya kazini. Sasa hivi redio imegeuka vita. Nashona jicho moja liko kwenye sindano, jingine kwenye tundu. Juzi nimeshona mfuko wa suruali ya mteja nikauziba kabisa, mkono hauingii, kaja kuuchukua tumetazamana tu.

Nina finchi saba. Watano ni zebra, wale wenye vistari kifuani, madume wana mashavu ya rangi ya chungwa. Wawili ni weupe wenye mabaka ya kahawia, muuzaji aliniambia wanaitwa sosaiti, wapole kama watoto wa madrasa ustadhi akiwepo. Nilianza na jozi moja ya zebra mwezi wa kwanza. Wakakaa vizuri, nikanogewa. Mwezi wa tatu nikaongeza sosaiti wawili na zebra watatu wadogo, midomo bado myeusi, muuzaji kaapa majike wawili na dume mmoja. Walipokua, mmoja wa hao "majike" akaota mashavu ya chungwa na kuanza kuimba. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, ila gunia lenyewe dogo. Bei sitaji, mke wangu naye anasoma humu.

Tundu nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea Gerezani. Chini futi mbili kwa mbili, kwenda juu futi tatu, refu kama mnara wa msikiti, kila anayepita analisifia. Juu kabisa kuna kiota cha kifuu cha nazi. Vijiti vitatu, kimoja juu ya kingine kama ngazi. Chini bakuli la ulezi na kopo la maji. Sijawabania kitu. Hata nikifagia jioni nawawekea vinyuzi vya ovaloki wajengee kiota, wanavigombania kama pipi.

Tatizo ni yule dume wa kwanza. Nimempa jina Mgambo, kwa sababu kazi yake ni kukimbiza wenzake kama mgambo na wamachinga. Kuanzia saa kumi na mbili alfajiri hakuna anayetulia. Akitua huyu kijiti cha juu, anaondolewa. Akishuka yule kula, anafuatwa mpaka bakulini. Jike mmoja kisogo kimekuwa upara kabisa. Na mmoja wa sosaiti ana siku nne anachechemea, mguu wa kushoto anaukunja tumboni hataki kuukanyagia. Nina hakika Mgambo kamng'ata.

Mke wangu anasema fungua mlango wote waende zao, tupumzike. Mimi nafikiria nimtoe Mgambo peke yake nimgawe. Wenye uzoefu naombeni ushauri, matusi baadaye.

Kobe wa Buguruni

Saba hao mkuu ni supu ya kikombe cha kahawa. Samahani, nimepita tu.

Mama Vifuu (Kigamboni)

Kobe, nenda kasome jukwaa la mapishi huko.

Fundi mwanangu, pole. Nafuga hawa mwaka wa kumi na mbili sasa, na ulichoandika ningeweza kukiandika mimi mwaka wa kwanza. Mgambo hana kosa kubwa kama unavyomwona.

Hebu tuhesabu. Zebra watano, madume watatu, majike wawili. Fahali wawili zizi moja unajua mwisho wake, wewe umeweka watatu kwa wake wawili na nyumba moja. Hao watagombana hata ukiwasomea dua. Zebra wanakaa kwa jozi kamili, au jinsia moja tupu bila kiota ndani. Madume watupu wanaweza kuelewana, kelele tu ndiyo utaivumilia, maana wanalia kama vile vitarumbeta vya plastiki vya watoto siku ya Idi. Kinacholeta balaa ni dume asiye na mke katikati ya wenye wake. Huyo ndiye atakayechungulia kiota cha mwenzake kutwa, na mwenye kiota atamfukuza mpaka manyoya yaishe. Sasa mtazame Mgambo vizuri kesho asubuhi. Anamkimbiza kila mtu sawasawa, au anamkimbiza zaidi huyo kijana aliyekuja kama binti?

Halafu hilo tundu. Sitakuficha. Mnara wako unawafurahisha wapita njia, ndege haumsaidii. Finchi haruki kwenda juu, anaruka kwenda mbele, kutoka kijiti hiki mpaka kile. Futi tatu zako zote umezipeleka angani wasikopatumia. Na kila mmoja anataka kulala juu kabisa, huko ndiko anakojiona salama. Wewe umewawekea ngazi, wa juu mmoja, wengine wote chini ya miguu yake. Umemjengea Mgambo ofisi, na kiota umekitundika humo humo ofisini.

Kuhusu viota nikusimulie langu. Nilikuwa na jozi nne kwenye tundu la futi sita, viota vinne, nikaona hesabu imekaa. Kimoja kilipanda juu kuliko vingine kwa upana wa kiganja, kwa sababu waya wa kukitundikia ulikuwa mfupi na mimi nilikuwa mvivu wa kutafuta mwingine. Basi jozi zote nne zikakitaka hicho hicho. Vitatu vikakaa vitupu, kimoja kina madume wanne mlangoni. Siku moja niliokota mayai saba sakafuni, mengine yamepasuka, mengine yamedonolewa. Nilivishusha vyote usawa mmoja, nikaongeza vinne vingine ili kila jozi iwe na chaguo la pili, na fujo ikapungua ndani ya siku tatu. Haikuisha, nisikudanganye. Ilipungua.

Kwako wewe usifike huko kwanza. Toa hicho kifuu leo. Bila kiota hakuna cha kulinda, na damu zitapoa. Zebra hawa asili yao ni Australia, sehemu kavu, mvua ikinyesha na nyasi zikatoa mbegu ndipo wanapoharakisha kutaga. Mimi wangu kila masika hapa Kigamboni wanachachamaa, nawatolea viota mpaka mvua zikate.

Bakuli usiweke moja. Weka matatu, moja kila upande na jingine katikati, vivyo hivyo maji. Dume hawezi kulinda milango mitatu. Ulezi ni mzuri, changanya na uwele, wape mbegu changa za nyasi ulizozichuma mahali pasipopigwa dawa, na maganda ya mayai yaliyochemshwa ukayasaga. Majike wanaotaga bila maganda hayo yai hukwama tumboni, na hilo linaua.

Sosaiti wako waonee huruma. Hao porini hawapo popote, walizalishwa Japani vizazi na vizazi kwa ajili ya kufugwa, ni jamaa wa hawa tongo wetu wanaokula mbegu za nyasi kwenye viwanja vya mpira. Ukimpa mayai ya ndege mwingine anayalalia na kulea makinda kama wake. Ugomvi haumo kwao kabisa, kwa hiyo tundu likiwa finyu wao ndio wanaonyanyaswa. Kisogo kitupu cha jike nacho kina maelezo: ama anadonolewa akikimbizwa, ama wananyofoa manyoya yake kutandika kiota. Zebra akikosa cha kutandika humnyofoa mwenzake.

Na mwambie mkeo asiwafungulie. Wamezaliwa tunduni, kunguru watawamaliza kabla hawajavuka paa la jirani. Wakipona nayo si heri. Kunguru wenyewe hawa si wa hapa, waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, leo niambie nani Dar analala mpaka jua litoke.

Chalii wa Sinza

Bi mkubwa hayo yote ya nini. Fundi nunua lavubedi mmoja, yule kasuku mdogo, umtupie humo, atawanyoosha wote. Mimi ninao wawili, kila ndege anawaheshimu.

Mama Vifuu (Kigamboni)

Mjukuu wangu, mdomo wa lavubedi ni koleo. Nilishuhudia kwa jirani yangu, hawakuwa hata tundu moja. Matundu mawili yalibanana ukutani, finchi akaning'inia kwenye waya, wa upande wa pili akamkata vidole viwili kama mtu anavyokata bamia. Heshima ya namna hiyo kaa nayo Sinza.

Daktari wa Kuku

Nimesoma yote, Mama Vifuu kasema vizuri, ila kuna jambo limempita. Mimi ni mtu wa mifugo, kazini ni kuku, nyumbani nina jozi mbili za zebra.

Sindano, rudia ulichoandika kuhusu nyuzi za ovaloki. Uzi huo ni wa sintetiki, haukatiki, mrefu, na ndege wa kiota anaukanyaga na kuuzungusha mguuni kila anapoingia na kutoka. Finchi kumng'ata mwenzake mguu mpaka achechemee siku nne si kawaida, wao hudonoa kichwani na mkiani. Mkamate huyo sosaiti USIKU HUU, umwangalie mguu kwa karibu kwenye mwanga. Karibu kabisa. Na uzi wote uliomo tunduni utoe. Wakitaka cha kujengea wape nyasi kavu au makumbi ya nazi uliyoyakata mafupi, urefu wa kidole usizidi.

Mengine kwa haraka. Kabla hujamhukumu mtu kwa upara, kagua utitiri. Unajificha kwenye nyufa mchana na kunyonya damu usiku. Funika tundu kwa kitambaa cheupe usiku, alfajiri kikung'ute, ukiona vidoa vyekundu vinatembea umempata mwizi. Usipulize dawa ya mende humo. Na kama unawasha dawa ya mbu ya kuchoma hapo barazani, wahamishe kwanza, mapafu yao hayastahimili moshi.

Pia ulichanganya wageni na wenyeji siku hiyo hiyo uliyowanunua, sivyo? Siku nyingine mgeni akae tundu lake kama mwezi. Akiwa na ugonjwa utaonekana kwake peke yake.

Sindano Butu (Tabata)

Daktari, nimerudi. Saa tano usiku hii, mikono bado inatetemeka.

Nilizima taa ya barazani nikangoja watulie, gizani hawaruki. Mke wangu akashika simu ya tochi. Nikaingiza mkono nikamtoa yule sosaiti. Wakuu, yule ndege mzito kama bobini iliyojaa uzi, basi. Moyo wake unapiga unausikia kwenye kidole gumba. Juu ya vidole vya mguu wa kushoto kulikuwa na kitu ambacho mimi siku zote nne nilikiona kwa mbali nikadhani ni gamba. Si gamba. Ni uzi. Pinki. Nimeukumbuka hapo hapo, ni wa sare za harusi nilizoshona mwezi uliopita. Umezunguka mara sita au saba, umezama kwenye ngozi, na chini yake mguu umevimba umekuwa rangi ya zambarau.

Nilivaa miwani, nikachukua kile kijichuma changu cha kufumulia mishono. Kazi niliyoifanya miaka kumi na tisa, kufumua, leo nimeifanya pumzi nimeibana. Nikikata mzunguko mmoja mke wangu anauvuta kwa kibanio chake cha nyusi. Dakika ishirini hivi. Damu ilitoka tone moja, nikabana na pamba ikakata.

Nimemweka kwenye boksi la viatu lenye matundu, na kitambaa laini chini. Nimetoa nyuzi zote kwenye kifuu, zimejaa konzi. Na Mgambo nilikuwa nimemtukana mbele za watu.

Mguu utapona?

Daktari wa Kuku

Umefanya vizuri sana. Asubuhi uuoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mara mbili kwa siku. Chakula na maji viwe chini karibu naye, kijiti kiwe cha chini asiruke. Uvimbe ukipungua siku ya pili au ya tatu ni dalili njema. Vidole vikikauka na kuwa vyeusi mpeleke kwa daktari wa mifugo, usikate mwenyewe hata kama una mkasi mzuri. Kidole kinaweza kupotea, ndege akaishi vizuri tu.

Mama Vifuu (Kigamboni)

Usijilaumu mpaka ukakosa usingizi. Mimi mwaka wa pili niliwawekea nywele zangu za kwenye kitana, nikiona nawapa tandiko laini. Nilimkuta kinda amening'inia nazo mlangoni mwa kiota.

Pili Pili Manga

Jamani mimi nauliza, kwani hao tongo wetu wa bure hapa uwanjani haiwezekani kuwanasa ukawachanganya na sosaiti, si Mama kasema ni jamaa?

Daktari wa Kuku

Hapana ndugu. Kunasa ndege wa porini bila kibali ni kosa, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Na hata sheria ukiiweka pembeni, ndege wa porini ukimfungia anajigonga kwenye waya siku nzima na anawaletea wako magonjwa. Mtazame hapo uwanjani, ni bure kweli.

Sindano Butu (Tabata)

Wiki mbili zimepita, nimekuja kutoa ripoti kama nilivyoahidi inboksi.

Tundu nimelilaza ubavu. Sikununua jingine, hela ya shule ya mtoto ndiyo hiyo hiyo. Futi tatu zilizokuwa zinakwenda juu sasa zinakwenda mbele. Mlango umeishia juu, unafunguka kama mlango wa nyuma wa Noah. Trei ya kinyesi imebaki ukutani haina kazi, kwa hiyo natandika magazeti nabadilisha kila asubuhi. Sura yake imeharibika kabisa, wapita njia wameacha kusifia. Ila jamani, wanaruka! Mwisho huu mpaka mwisho ule, sikujua kama wana mabawa ya namna hiyo. Vijiti nimeweka viwili tu, kila mwisho kimoja, usawa mmoja, virefu kila mtu apate nafasi.

Mama, nilimchunguza Mgambo kama ulivyosema, nikahesabu kwa chaki kwenye meza ya kukatia kuanzia saa mbili mpaka saa nne asubuhi. Alikimbiza mara thelathini na moja. Ishirini na sita kati ya hizo ni yule kijana aliyekuja kama binti. Kweli ulimjua bila kumwona. Kijana nimempeleka Ukonga kwa shemeji yangu, ana madume wawili tu hana majike wala viota, huko wanapiga tarumbeta watatu.

Nilipowarudisha kwenye tundu lililolazwa nilimtoa Mgambo siku tatu akakaa kwenye boksi la waya chumbani, wengine wakazoea mahali. Yeye akaingia wa mwisho, kama mpangaji. Siku ya kwanza alitafuta ofisi yake hakuiona, akazunguka, akaenda kula. Sasa bado anamsukuma yule dume wa pili asubuhi asubuhi, mara nne tano hivi, kisha wanaachana. Kitambaa cheupe nilikung'uta siku tatu mfululizo, hakikuwa na kitu. Kisogo cha yule jike kimeanza kuota vinywele kama brashi ya viatu.

Sosaiti wetu amepoteza kidole kimoja cha nje. Kilikauka, nikampeleka, kikatolewa. Anatua vizuri kijitini, ukimtazama haraka hujui. Mke wangu ndiye anayempa mbegu za nyasi kwa mkono sasa hivi, habari za kuwafungulia mlango sijazisikia tena.

Swali langu la mwisho: viota nirudishe lini?

Mama Vifuu (Kigamboni)

Nimefurahi sana mwanangu. Usiwe na haraka, ngoja mwezi upite na mvua zikate. Tena futi tatu hizo kwa kula na kulala zinawatosha jozi mbili na hao sosaiti, wakianza kutaga patakuwa finyu, umwambie fundi wako akuunganishie nyingine ubavuni kwanza. Makinda yakitoka, baada ya wiki sita hivi uyahamishe, baba huanza kuwafukuza wanawe wa kiume wakishaota mashavu.

Ukirudisha, vifuu vinne vya zebra na kimoja kikubwa cha sosaiti, hao hulala wote pamoja. Usawa mmoja! Pima na futi yako ya fundi. Na vifuu vikauke juani kabisa, visiwe na nyama ndani, vinaota ukungu.

Sindano Butu (Tabata)

Vifuu ninavyo sita tayari. Wiki nzima hapa tunakula wali wa nazi, na mke wangu ameanza kuuliza maswali.